RAM inaonekana yote GB 12, mbona laptopu inaganda?

“Habari za kazi. Nina laptopu ya mtumba yenye prosesa ya Intel i5-4300M. Ilikuja na RAM ya GB 4. Ilikuwa nzito lakini haikuwahi kuganda. Mwezi uliopita nikaongeza RAM ya GB 8, iliyotumika, kwenye sloti iliyokuwa wazi. Windows 10 inaonyesha GB 12 zote. Tangu siku hiyo inaganda: picha inasimama, mausi haisogei, kama kuna muziki sauti inakwama na kutoa mlio wa brrr, mpaka niizime kwa kushikilia kitufe. Siku nyingine inakaa saa tatu, siku nyingine dakika kumi tu. Mara mbili imeleta skrini ya bluu yenye maneno MEMORY_MANAGEMENT. Fundi wa kwanza alisema ni virusi, akapiga Windows upya. Ikaganda jioni ileile. Wa pili anasema madabodi imekufa. Nilipouliza kama si RAM, wote walinijibu kuwa ingekuwa mbovu isingeonekana. Nifanye nini kabla sijatoa hela nyingine?”

Madabodi usinunue kwanza. Katika yote uliyoeleza, lenye uzito kuliko mengine ni hili: mashine haikuganda hata mara moja mpaka ulipoweka RAM ya pili. Kweli, madabodi inaweza kufa wiki yoyote, hata wiki hiyohiyo. Lakini kinachopimwa kwanza ni kile kilichobadilika, tena kipimo chenyewe hakihitaji zaidi ya flashi moja na siku chache za kuiacha mashine ikijikagua usiku wewe umelala.

Nianze na hilo la “ingekuwa mbovu isingeonekana”, maana linawapoteza wengi, wakiwamo mafundi wenye mikono mizuri. Kwenye kila RAM, mbali na zile chipu kubwa nyeusi zinazobeba data, kuna kichipu kimoja kidogo sana kinachoitwa SPD. Kazi yake ni kutunza maelezo ya RAM yenyewe: ukubwa, kasi na volti. Ukiwasha mashine, BIOS (programu ya ndani ya madabodi inayotangulia Windows) inakisoma kichipu hicho, inapanga mawasiliano na RAM kufuatana na ilichosoma, kisha inaendelea kuwasha. Haipiti kwenye kila chumba cha kumbukumbu kuangalia kama kinashika kilichowekwa. GB 8 ni biti (vijumba vya kushika 0 au 1) zaidi ya bilioni 68. Kuzikagua zote kwa makini huchukua saa nyingi, na hakuna anayetaka kusubiri hivyo kila asubuhi. Kwa hiyo zile GB 12 unazoziona ni maandishi ya nje ya gunia: yanasema mchele kilo 50, wala hayasemi kama ndani kuna wadudu.

Sasa kwa nini igande leo baada ya saa tatu na kesho baada ya dakika kumi? Kila biti ndani ya RAM ni chaji ndogo ya umeme iliyohifadhiwa kwenye kapasita isiyoonekana kwa macho, na kapasita hizo zinavuja. Ndiyo maana mashine inalazimika kuzisoma na kuzijaza upya bila kupumzika. Katika RAM ya kawaida kila safu hujazwa angalau mara moja ndani ya milisekunde 64. Kapasita dhaifu huishiwa chaji kabla zamu yake haijafika, na iliyokuwa 1 ikasomwa 0. Joto linaongeza uvujaji, hivyo mashine inayopita vizuri asubuhi inaweza kukwama mchana ikiwa imekaa juu ya godoro na feni yake inahema.

Halafu kuna bahati ya mahali. Windows haipangi vitu sehemu zilezile kila unapowasha. Siku moja ile biti mbovu imeangukia eneo tupu na hutajua. Siku nyingine imeangukia katikati ya picha, nukta moja ikabadilika rangi na jicho lisione. Siku ya tatu imeangukia kwenye maagizo ya kiini cha Windows, prosesa ikafuata agizo lisilokuwepo, kila kitu kikasimama. Mlio wa brrr una maana yake pia: kifaa cha sauti kinaendelea kurudia kipande cha mwisho kilichopewa, kwa sababu prosesa haikiletei kingine tena. Seva zina RAM ya aina ya ECC inayogundua biti iliyogeuka na kuirekebisha. Laptopu yako haina, kwa hiyo hakuna wa kupiga yowe mpaka mambo yaharibike.

Hayo ni ya RAM mbovu. Kwako ipo njia ya pili, nami ningeitazama kabla ya zote: RAM inaweza kuwa nzima kabisa na bado isiwe ya mashine hiyo. Prosesa i5-4300M ni ya kizazi cha nne, na imetengenezwa kwa RAM za DDR3L, zinazotumia volti 1.35. DDR3 ya kawaida inatumia volti 1.5. Ubaya ni kwamba zote mbili za laptopu zina pini 204 na mkato uleule, kwa hiyo ya volti 1.5 inaingia kwenye sloti yako na kulia “klik” bila kipingamizi. Jaribu kuingiza DDR4 uone; mkato utakukatalia. Ukiweka DDR3 ya volti 1.5, mashine nyingi za kizazi hiki hugoma kuwaka, na hiyo ndiyo salama yako. Nyingine zinawaka na kuilisha volti 1.35, pungufu ya inayohitaji, nayo inafanya kazi kwa kubahatisha. Kinyume chake hakina shida: DDR3L ikipewa volti 1.5 inavumilia.

Kwa hiyo ichomoe hiyo ya GB 8 usome karatasi yake. Unayoitaka itaandikwa kitu kama “8GB 2Rx8 PC3L-12800S”. Herufi L baada ya PC3 ndiyo uhai wako, ni volti 1.35. 12800 ni kasi ya 1600, na ukikuta 10600 ni kasi ya 1333. S ya mwisho inaonyesha ni ya laptopu. Ikiandikwa PC3-12800S, bila L, umepata mshukiwa wako hata kabla ya kipimo. Karatasi ikiwa imechanika au unaitilia shaka (za mtumba hubandikwa upya mara nyingine), weka programu ya bure ya CPU-Z, fungua ukurasa wa SPD, chagua sloti yenye RAM hiyo, kisha tazama mstari wa volti chini ya jedwali. Kama hakuna safu ya 1.35 V, basi si DDR3L, karatasi iseme itakavyo.

Kuna mambo ambayo huenda umetishwa nayo lakini hayana kosa. Kuchanganya GB 4 na GB 8 kunaruhusiwa: mashine inaziendesha GB 4 za kila upande kwa pamoja, zile GB 4 zilizobaki zinakwenda peke yake, polepole kidogo. Kampuni mbili tofauti si dhambi. Moja ya 1600 na nyingine ya 1333 zitakwenda zote kwa 1333. Kinachoharibu ni volti isiyofaa, chipu zilizochoka, pini chafu, au RAM mbili ambazo kila moja ni nzima lakini hazielewani zikiwa pamoja. Hili la mwisho lipo kweli, ila ni nadra kuliko linavyosemwa.

Kabla ya kupima, okoa vitu vyako, na hapa zingatia mpangilio. Usinakili picha na hati zako RAM ya GB 8 ikiwa bado ndani. Faili unayoinakili inapita kwenye RAM. Biti ikigeuka njiani, nakala inaandikwa ikiwa imeharibika bila onyo lolote. Itoe kwanza, washa na GB 4 ya zamani peke yake, ndipo unakili.

Kuitoa si kazi ngumu. Shikilia kitufe cha Shift ukibofya Shut down, ili Windows izime kabisa badala ya kuhifadhi hali yake kwa ajili ya kuwaka haraka. Chomoa chaja, toa betri (kama iko ndani, chomoa waya wake), kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kisichopakwa rangi kabla hujashika chochote, ili umeme tuli wa mwilini mwako utoke. Unyevu wa pwani unasaidia kidogo, lakini ofisi yenye AC na zulia la nailoni ni hatari. Panua vibanio viwili vya pembeni kwa vidole. RAM itainuka yenyewe kwa mshazari. Ishike kingo zake, usiguse pini za dhahabu.

Ukiwa hapo, zisafishe pini hizo. Tumia kitambaa laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, au ufutio mweupe wa penseli kwa mkono mwepesi, kisha ondoa mabaki yake yote. Msasa unakwangua dhahabu. Petroli, thina na manukato huacha utando. Sloti ipulize kwa bloa au brashi laini, si kwa mdomo, kwa sababu mate yanaingia. Unaporudisha, ingiza kwa mshazari mpaka dhahabu karibu yote imezama, ndipo ushushe mpaka vibanio vyote viwili vifunge. RAM iliyoingia robo tatu inaonekana, inahesabiwa, na inaganda. Usafi na kuingiza sawasawa peke yake kumeponya mashine nyingi zilizokwisha kuhukumiwa kifo.

Kipimo chenyewe ni Memtest86+, programu ya bure inayowaka kutoka kwenye flashi bila Windows. Flashi itafutwa yote, basi tumia isiyo na kitu. Washa laptopu ukigonga kitufe cha kuchagua cha kuwashia (F12, F9 au Esc, hutegemea kampuni) uchague flashi. Ikikataa, zima Secure Boot (kinga inayozuia mashine kuwaka kwa programu isiyoitambua) ndani ya BIOS. Lakini kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows la kuficha data), hakikisha kwanza unayo namba ya kurejesha, la sivyo utajifungia nje ya faili zako mwenyewe. Iache ipite mizunguko minne angalau, yaani usiku mzima. Iweke juu ya meza, chaja ikiwa imechomekwa, bila kuipulizia feni, maana tunataka ipate joto la kawaida.

Jibu unalolitafuta ni sifuri. Hakuna RAM yenye “makosa machache tu”: mstari mmoja mwekundu, hata kwenye mzunguko wa nne, umetosha. Windows nayo ina kipimo chake; bonyeza Windows na R, andika mdsched, na kikianza bonyeza F1 uchague Extended, kwa sababu kile cha kawaida ni chepesi mno. Kikikuta kosa, kiamini. Kisipokuta, usikiamini sana.

Usipime zote mbili kwa mpigo. Anza na ile ya GB 8 peke yake kwenye sloti ya kwanza. Ikitoa makosa, ihamishe sloti ya pili uirudie. Makosa yakiifuata kila inapokwenda, na ile ya GB 4 ikapita safi kwenye sloti zote mbili, umemaliza: ni RAM. Lakini kama zote mbili zinapita kwenye sloti moja na zote mbili zinakosea kwenye nyingine, basi sloti au njia zake kwenye madabodi zina tatizo, na fundi wako wa pili atakuwa amepatia, ingawa hakupima. Ikiwa kila moja inapita peke yake na zikikaa pamoja zinakosea, hizo ndizo zisizoelewana. Zibadilishane sloti, sasisha BIOS kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu (chaja ikiwa imechomekwa na betri imejaa, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo ndipo madabodi inapokufa kweli), kisha pima tena.

Na kama zote zinapita, pamoja na peke yake? Basi ulikuwa uchafu uliokwisha kuutoa, au mshukiwa si RAM. Siku itakapoganda tena, bonyeza Caps Lock. Taa yake ikibadilika, Windows bado ina uhai ndani na inasubiri kitu, mara nyingi diski inayokufa. Dalili nyingine ya diski ni mausi kuendelea kusogea huku madirisha yote yamegoma. Taa isipobadilika, imeganda mgando kamili, na hapo angalia joto na draiva za picha (programu zinazoendesha chipu ya picha). Ukifungua Event Viewer (daftari la matukio la Windows) utaona Kernel-Power namba 41 na pengine mtu atakuambia chaja mbovu. Namba hiyo inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga, na aliyeizima ni wewe kwa kushikilia kitufe. Hata MEMORY_MANAGEMENT yako si ushahidi kamili, kwani draiva mbovu inaweza kuileta, ila ikiungana na siku ulipoweka RAM, sina shaka nyingi.

Kuna jambo moja ambalo fundi wa kwanza hakulifikiria, na likisahaulika litakurudisha mwanzo. Alipiga Windows upya huku RAM yenye mashaka ikiwa ndani. Maelfu ya faili za Windows yalipita humo kabla ya kuandikwa kwenye diski, na yoyote kati yake inaweza kuwa imeandikwa vibaya. Unaweza kuondoa RAM leo, mashine ikaendelea kusumbua, ukasema “kumbe haikuwa RAM”. Kwa hiyo ukishabaki na RAM iliyopita kipimo, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth ukiwa na intaneti, ikimaliza andika sfc /scannow; amri hizo mbili hukagua na kurekebisha faili za Windows. Wakati unayo nafasi, mimi ningepiga Windows upya kabisa. Diski ina mfumo wa wiki chache tu, huna cha kupoteza.

Ukija kwenye kununua: ile ya GB 8 ikionekana ni PC3 bila L, au imetoa makosa, irudishe dukani pamoja na picha ya skrini yenye mistari myekundu. Picha hiyo ina nguvu kuliko maelezo yoyote. Omba GB 8 ya PC3L-12800S, uiongeze kwenye GB 4 uliyonayo, na uzipime pamoja usiku wa kwanza kabla siku za kubadilishiwa hazijaisha. Zisipoelewana, bakia na hiyo GB 8 peke yake. Utapoteza kasi kidogo, utapata utulivu. Mashine inapokea mpaka GB 16, yaani 8 na 8, lakini kwa prosesa ya umri huu sikushauri kufika huko isipokuwa kazi yako inadai. Kama bado inatumia diski ya kuzunguka, hela hiyo ingefanya kazi kubwa zaidi kwenye SSD. Kuhusu kuifunga sehemu mbovu ya RAM ili Windows isiiguse, linawezekana kwa amri ya bcdedit, ila udhaifu wa joto una tabia ya kuenea, na hizo ni juhudi nyingi kwa kifaa cha bei ndogo.

Wenye kompyuta za mezani wanaosoma hapa wawe na macho mawili ya ziada. PC3-12800R, yenye R mwishoni, ni ya seva na haitafanya kazi kwenu. Na zile DDR3 za GB 8 za bei ya kutupa, zinazouzwa kwa maneno “ya AMD tu”, zimejengwa kwa chipu ambazo mashine za mezani za Intel hazizielewi.

Fundi ana nafasi yake. Mpelekee kama sloti moja ndiyo yenye makosa, kama mashine iliwahi kumwagikiwa na kimiminika, kama kuna harufu ya kuungua, kama haiwaki hata ukiwa na GB 4 ya zamani peke yake, au kama kifuniko kinakutisha kukifungua. Mwambie umeshapima, mwonyeshe matokeo ya kila RAM kwenye kila sloti, na umwombe ajaribu sloti hiyo kwa RAM yake anayoijua kuwa nzima, wewe ukiwepo. Atakayekataa kufanya hivyo na bado akataka hela ya madabodi, chukua laptopu yako uende kwa mwingine.